Taya likilia au kuuma: kuuliza kwanza kabla ya kung'oa jino

Mara nyingi inaanza asubuhi. Mtu anaamka, anapiga mwayo, na kitu kinalia "ta!" mbele ya sikio. Siku ya kwanza hajali. Baada ya majuma mawili, upande ule wa uso umekuwa mzito, kutafuna kunaleta maumivu, na uchungu unapanda hadi pembeni mwa kichwa. Kwenye farmasia ya kartie wanamuuzia antibiotiki. Maumivu yanabaki. Basi anaamua kwamba ni jino, na anaenda mahali ambapo jino linang'olewa kwa pesa kidogo. Gego linatoka, likiwa zima, bila tundu hata moja. Siku chache baadaye, kidonda kinapoanza kupona, maumivu ya zamani yanarudi pale pale, na taya bado linalia.

Mambo ya namna hiyo yanajulikana kwa wanganga wa meno katika nchi nyingi. Maumivu yanayotoka kwenye kiungo cha taya, au kwenye misuli inayokiendesha, yanajifanya kuwa ya jino au ya sikio. Mgonjwa anaonyesha gego kwa kidole na kuapa kwamba ni hilo. Asiyechunguza vizuri anamwamini na kuchukua koleo. Lakini jino la mtu mzima likishatoka halirudi. Taya lenyewe, kwa watu wengi, linatulia kwa matunzo mepesi yasiyohitaji franga nyingi: chakula laini, kitambaa cha moto, na kuacha mazoea fulani.

Mashariki mwa RDC, kujua tofauti hiyo kuna faida kubwa. Kulingana na OMS, kanda ya Afrika ina madaktari wa meno karibu 3 tu kwa kila watu 100 000, wakati wastani wa dunia unapita 30. Wengi wa hao wachache wanafanya kazi mijini. Mkaaji wa Shabunda, wa Walikale au wa Fizi anayetaka kuonwa na munganga wa meno anaweza kusafiri siku nzima au zaidi, kwenye barabara mbaya na zisizo na usalama. Ndiyo maana wengi wanamaliza shida yao kwa yeyote aliye karibu mwenye koleo.

Kiungo chenye kuteleza

Mtu akiweka vidole mbele ya masikio yake yote mawili, kisha afungue na kufunga mdomo polepole, atasikia mifupa miwili ikitembea chini ya ngozi. Hivyo ndivyo viungo vya taya. Viko viwili, na lazima vitembee pamoja, kwa kuwa taya la chini ni mfupa mmoja. Cha kulia kikichoka, cha kushoto nacho kinabadilisha mwendo wake.

Kiungo hiki hakifanani na cha goti wala cha kiwiko. Mdomo ukianza kufunguka, kichwa cha mfupa wa taya kinazunguka kama bawaba ya mlango. Ukifunguka zaidi, kinateleza kwenda mbele. Kati ya kichwa hicho na mfupa wa fuvu kuna kisahani kidogo chenye kupindika, kinachozuia mifupa isisagane. Kisahani hicho kinapaswa kwenda na kurudi pamoja na mfupa kila mara mtu anapozungumza, anapokula au anapopiga mwayo.

Inafika wakati kisahani kinasogea mbele kidogo na kuacha mahali pake. Hapo mdomo ukifunguliwa, kichwa cha mfupa kinapanda ukingo wa kisahani na kuruka hadi katikati yake. Ndiyo ile "ta!" inayosikika, mara nyingine hata na mtu aliyeketi karibu. Mdomo ukifungwa, mfupa unatoka tena juu ya kisahani, na pengine sauti ya pili inasikika, ndogo kuliko ya kwanza. Sauti nyingine, ile ya kukwaruza kama mchanga chini ya kiatu, mara nyingi inaonyesha kwamba kiungo kimechakaa.

Jambo la kwanza ambalo wanganga wanataka watu walielewe ni hili: taya linalolia bila kuuma, na ambalo bado linafunguka vizuri, halihitaji matibabu. Watu wengi sana wana sauti hiyo na wanaishi nayo miaka mingi bila shida. Haina maana kwamba mfupa umevunjika, wala kwamba taya litatoka kesho. Kinachoomba matunzo ni maumivu, au mdomo unaokataa kufunguka.

Kuna namna rahisi ya kupima. Mtu mzima mwenye taya zuri anaweza kuingiza kati ya meno yake ya mbele vidole vitatu vya mkono wake mwenyewe, vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Ni karibu milimita 40 au zaidi. Kama vinaingia viwili tu, au kimoja, kuna kitu kinachozuia.

Ni jino, ni sikio, au ni taya?

Sababu ya kuchanganya inaeleweka. Neva moja kubwa, yenye matawi matatu kila upande wa uso, ndiyo inayopeleka habari za meno, za ufizi, za taya na za misuli ya kutafuna hadi kwenye ubongo. Msuli mkubwa wa shavu ukichoka, ubongo unaweza kuyasikia maumivu hayo kwenye magego. Msuli wa pembeni mwa kichwa unaweza kuyatupa kwenye meno ya juu. Na kwa kuwa kiungo kimepakana na sikio, mgonjwa anaweza kulalamika sikio hata kama ndani yake hamna kitu.

Hata hivyo kila ugonjwa una alama zake. Jino lililooza kwa kawaida lina tundu au weusi. Linauma kwa maji baridi, kwa sukari, au kwa chai ya moto. Linaweza kupiga kama moyo usiku na kumnyima mtu usingizi. Likigongwa polepole kwa kijiko, linajibu lenyewe, si jirani yake. Pengine ufizi unavimba na usaha unatoka.

Maumivu ya taya ni mengine. Yanakuwa mazito, yameenea, na mgonjwa anashindwa kuonyesha mahali pamoja tu. Yanazidi asubuhi wakati wa kuamka, au baada ya kutafuna na kuzungumza sana. Mtu akibonyeza shavu lake huku amekaza meno, au akibonyeza mbele ya sikio, anayaamsha maumivu yale yale anayoyajua. Maji baridi hayayabadilishi.

Kuhusu sikio, ugonjwa wake unaambatana mara nyingi na homa, usaha au kusikia kupungua. Munganga akitazama ndani na kukuta sikio safi, anapaswa kuweka kidole mbele yake na kumwomba mgonjwa afungue mdomo. Uchunguzi huo hauombi mashine yoyote, na muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuufanya.

Mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili kwa pamoja: jino lililooza kweli na taya lililochoka. Ndiyo sababu ya kuchunguza yote kabla ya kuamua.

Kinachochosha taya

Kwa kawaida, mtu akiwa ametulia, midomo yake inafungwa lakini meno ya juu na ya chini hayagusani. Yanagusana wakati wa kutafuna na kumeza tu, na ukihesabu yote kwa siku, si muda mrefu. Taya la mtu anayekaza meno saa nyingi mchana, au anayeyasaga usiku akiwa amelala, linafanya kazi bila kupumzika. Kama mguu unaotembea kutoka asubuhi hadi asubuhi, mwishowe unauma.

Kazi ngumu inasaidia kukaza. Mtu anayenyanyua mzigo mzito anauma meno bila kujua. Yanafuata mazoea ya kila siku: kufungua chupa ya bia au ya soda kwa meno, kumenya muwa kwa meno, kutafuna shingamu tangu asubuhi, kutafuna upande mmoja tu kwa sababu upande mwingine una jino bovu, kuuma kucha, kushika simu kati ya bega na taya, au kulala kifudifudi uso ukiwa umebanwa. Pigo la uso au kuanguka kwa moto kunaweza pia kuanzisha shida.

Na kuna wasiwasi. Uchunguzi wa kiganga umeonyesha mara nyingi kwamba mawazo mengi, hofu na usingizi mbaya vinaenda pamoja na maumivu ya taya. Mashariki mwa RDC, sababu za kukosa usingizi hazikosekani. Miji ya Goma na Bukavu ilichukuliwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025. Beni na Ituri wamezoea miaka mingi habari za mauaji. Waliokimbia vijiji vyao wanalala chini, bila kujua kesho itakuwaje. Kusema kwamba hofu inakaza taya hakuna maana kwamba maumivu ni ya kufikiria tu. Msuli uliokazana usiku kucha unauma kweli, na mgonjwa hapaswi kuchekwa.

Wanawake wanaugua zaidi kuliko wanaume, hasa kati ya miaka 20 na 40 hivi. Sababu yake bado inachunguzwa.

Matunzo ya nyumbani

Kama hakuna alama ya hatari (zitatajwa hapa chini), matunzo ya kwanza yanafanyika nyumbani, kwa majuma mawili hadi manne.

Chakula kiwe laini: uji, bugali usio mgumu, viazi, maharagwe yaliyoiva sana, sombe, lenga-lenga, ndizi, samaki aliyetolewa mifupa. Nyama ikatwe vipande vidogo au ipikwe hadi ilainike. Muwa, mahindi ya kuchoma, karanga kavu na shingamu viwekwe pembeni kwa muda huo. Kutafuna kufanyike pande zote mbili, polepole.

Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya moto na kukamuliwa kiwekwe kwenye shavu na mbele ya sikio kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku. Maji yawe ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, yasiunguze ngozi. Kama maumivu yameanza ghafula baada ya pigo, siku mbili za kwanza baridi inafaa zaidi: barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, kwa dakika 10 hivi.

Mapumziko ya taya ni dawa kubwa kuliko vidonge. Ncha ya ulimi inawekwa juu, nyuma kidogo ya meno ya mbele, midomo imefungwa, meno yameachana. Mgonjwa anajikumbusha hivyo mara nyingi kwa siku: kila simu inapolia, kila anapoingia mlangoni, kila anapomaliza kuhudumia mteja. Wengi wanashangaa kugundua kwamba meno yao yalikuwa yamekazwa bila wao kujua. Mwayo ukija, ngumi inawekwa chini ya kidevu ili mdomo usifunguke kupita kiasi.

Maumivu yakipungua, mazoezi yanaanza. Ulimi ukiwa juu vile vile, mdomo unafunguliwa polepole bila ulimi kuachana na mahali pake, kisha unafungwa. Mara sita, na kurudia mara kadhaa kwa siku. Mtu akitazama kwenye kioo, anajaribu kulifanya taya lishuke wima bila kwenda pembeni. Zoezi halipaswi kuleta maumivu makali. Likiyaleta, linaachwa kwanza.

Paracetamol inaweza kusaidia siku chache, bila mtu mzima kupita gramu 4 kwa siku. Ibuprofen inatuliza pia, lakini inaliwa baada ya chakula, na haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mama mjamzito. Antibiotiki hazifanyi kitu kwa kiungo kilichochoka: zinakula pesa tu, na kuwazoesha vijidudu dawa ambayo siku moja itahitajika kweli.

Makosa yanayogharimu

Kung'oa jino zima ndilo kosa la kwanza. La pili ni kuchanjwa kwa wembe kwenye shavu. Wembe haufikii kiungo, na ukiwa mchafu unaweza kuingiza pepopunda, virusi vya ini au vya UKIMWI. La tatu ni kusaga meno mazima kwa mashine ili "yakutane vizuri". Kilichosagwa hakirudi pia.

Hata nchi tajiri zimelipa bei ya haraka hiyo. Katika miaka ya 1980, huko Marekani, wagonjwa wengi walipasuliwa na kuwekewa vipande vya plastiki mahali pa kisahani cha taya. Vipande hivyo vilivunjika na kumomonyoka, vikaharibu mifupa, na wengine wakabaki na maumivu makubwa kuliko ya mwanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliviondoa kwenye soko.

Tangu hapo mafundisho yamebadilika. Mwaka 2023, wataalamu waliotoa mapendekezo katika jarida la kiganga BMJ juu ya maumivu ya taya ya muda mrefu waliweka mbele kumweleza mgonjwa hali yake, mazoezi ya taya, kunyoosha misuli na msaada wa kutuliza mawazo. Walikataa waziwazi upasuaji wa kutoa kisahani, pamoja na vifaa vinavyobadilisha moja kwa moja namna meno yanavyokutana. Kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku, kinachotoka asubuhi, kinaweza kuyalinda meno ya mtu anayeyasaga, lakini si dawa ya kila taya.

Taya likifunga, taya likitoka

Kuna siku ambayo sauti inanyamaza ghafula na mgonjwa anafurahi. Kama wakati huo huo mdomo umeanza kufunguka nusu tu, si kupona. Kisahani kimebaki mbele na kuufungia mfupa njia. Mtu huyo asilazimishe kufungua kwa kijiko wala kwa mti. Aende kwa munganga katika siku chache, kwa kuwa kungojea miezi kunafanya kazi iwe ngumu.

Kinyume chake ni taya lililotoka. Baada ya mwayo mkubwa, pigo, au kung'olewa jino la nyuma, mdomo unabaki wazi na haufungi. Mate yanatiririka, mgonjwa hawezi kuzungumza. Watu wa nyumbani wasilipige kofi wala kulisukuma hovyo. Muuguzi au munganga aliyefundishwa analirudisha kwa vidole gumba, akiyasukuma magego ya chini kuelekea chini, kisha nyuma. Namna hiyo ya kufanya si mpya: imeandikwa katika papirasi ya Wamisri wa kale inayoitwa Edwin Smith, yenye miaka karibu 3 600. Kadiri mgonjwa anavyofika haraka, ndivyo linavyorudi kwa urahisi.

Alama za hatari

Maumivu mengine ya taya hayangojei hata siku moja.

Taya linalokazana na kukataa kufunguka, baada ya kidonda cha msumari, jembe au wembe katika siku au majuma yaliyotangulia, linaweza kuwa mwanzo wa pepopunda. Ugonjwa huo unaua. Mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri, kisha akashindwa kunyonya kati ya siku ya 3 na ya 28, apelekwe hospitali mara moja. Chanjo ndiyo kinga, kwa mama mjamzito na kwa kila mtu.

Uvimbe wa shavu au wa chini ya taya wenye homa, unaozuia kumeza au kupumua, unaonyesha usaha wa jino unaoshuka shingoni. Huyo naye asilale nyumbani.

Maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kifua kubanwa, jasho au pumzi fupi yanaweza kutoka moyoni. Kwa mtu aliyepita miaka 50, taya linalouma wakati wa kutafuna, pamoja na kichwa kuuma pembeni na macho kuona vibaya, linataka munganga siku ile ile.

Taya linalojipinda lenyewe ghafula, saa chache au siku chache baada ya kunywa dawa ya kuzuia kutapika kama Primperan, au dawa fulani za wagonjwa wa akili, linaweza kuwa limesababishwa na dawa hiyo. Kuna dawa ya kulitoa, lakini lazima wahudumu waambiwe kitu mgonjwa alichokunywa.

Watoto wanaombewa uangalifu wa pekee. Mtoto akianguka na kupiga kidevu, kidonda cha nje kinaweza kuwa kidogo huku mfupa umevunjika karibu na sikio. Usipotunzwa, kiungo kinaweza kushikana na kuwa mfupa mmoja. Mtoto anakua na mdomo usiofunguka, kidevu kinabaki kidogo, kula na kusafisha meno kunakuwa taabu, na njia inayobaki ni upasuaji mkubwa. Mzazi anaweza kufuatilia kwa kipimo kile kile cha vidole vitatu, akitumia vidole vya mtoto, siku kwa siku. Kama mdomo unazidi kufunga, safari ya hospitali isiahirishwe.

Swali la kuuliza

Kwa wengine wote, wale ambao taya lao linalia na kuuma bila alama hizo, kuna swali moja la kubeba hadi kwenye kiti cha mng'oaji: jino lipi lina ugonjwa, na ugonjwa wake ni upi? Anayefanya kazi yake vizuri ataonyesha tundu, ufizi uliovimba, jino linalotikisika, au doa kwenye picha ya radio. Asiyeweza kuonyesha kitu, jino lising'olewe siku hiyo. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani, ale laini majuma mawili, aweke kitambaa cha moto, aachanishe meno yake. Kama kweli ni jino, litajitambulisha, na munganga atalikuta pale pale.